Nyambizi ilizama usawa wa Kilifi, si Pasifiki

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nijibu makala mliyochapa majuzi kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Mwandishi amewaeleza vizuri wazee wetu wa keya (King's African Rifles) waliopigana Bama, yaani Myanmar ya leo, wakavuka bonde la Kabaw kwa miguu katika mvua za masika ya huko mwaka 1944. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Lakini akaongeza kwamba vita vya baharini vya wakati ule vilikuwa vya Atlantiki na Pasifiki, na kwamba huku kwetu bahari ilikuwa shwari, meli zikija na kwenda. Hilo si kweli, na mimi siwezi kulinyamazia, kwa sababu ukoo wetu una mtu aliyelala chini ya bahari hiyo anayoiita shwari.

Mimi ni karani mstaafu wa shehena. Kilindini nimehesabu mizigo miaka 31, magunia ya kahawa na marobota ya mkonge, mpaka kontena zilipotuondoa wengi wetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa kuli kwenye magati hayo hayo wakati wa vita. Mdogo wake, ambaye sisi wajukuu tunamwita babu mdogo ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona, alijiandikisha jeshini akapelekwa kwenye mizinga. Aliondoka Kilindini mapema Februari 1944 ndani ya meli ya abiria iitwayo Khedive Ismail, kwenda Colombo. Babu mwenyewe alikuwa zamu siku ile. Alisema alimwona ndugu yake akipanda ngazi na mfuko wa turubai begani, akageuka mara moja, halafu wenzake waliokuwa nyuma wakamsukuma mbele.

Kwanza nieleze meli hiyo, maana mwandishi wenu hakuitaja. Khedive Ismail ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, baadaye ikauzwa Misri, na vita vilipoanza Waingereza wakaichukua kubeba askari. Safari ile ilikuwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, karibu watu 1,000 pamoja na maofisa wao. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Msafara ulikuwa wa meli 5 za kubeba askari, ukilindwa na manowari kubwa moja ya zamani, Hawkins, na destroya mbili, yaani manowari ndogo zenye mbio, Paladin na Petard. Ndege ya kuruka mbele yao na kutazama maji haikuwapo.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, wakiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo topido mbili, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Wengi wa askari wetu walikuwa chini. Meli ilizama katika dakika mbili tatu tu. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni zaidi kidogo ya 200, na kati ya wanawake wote waliokuwamo walipona 6.

Kuna jambo ambalo babu hakulijua mpaka anakufa, nami nalishukuru giza hilo. Nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wanaogelea walionusurika. Destroya zilikuwa na uchaguzi mmoja mbaya: kuiacha iondoke ikazizamishe zile meli nyingine 4 zilizojaa watu, au kuangusha mabomu ya majini huku watu wangali wanaelea. Waliangusha. I-27 ikalazimika kuibuka, Paladin ikaumia ubavu ilipojaribu kuigonga, na mwisho Petard ikaizamisha kwa topido. Simlaumu nahodha aliyetoa amri ile. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado simlaumu. Lakini nataka wasomaji wajue kwamba wapo vijana wetu waliopona topido wakafa kwa bomu la wenzao.

Sasa nije kwenye manowari ninayotaka kuizungumzia hasa, HMS Shah, iliyokuwa ya kubeba ndege.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza babu ni meli gani ya ajabu kuliko zote alizopata kuona Kilindini. Hakufikiri mara mbili. Alichukua sinia la mandazi, akayaondoa, akaligeuza chini juu, akaliweka juu ya kibweta cha bibi. "Hivi," akasema. Meli bapa. Haina mlingoti wa mizigo, haina bomba la moshi la kuonekana, kijumba kimoja kidogo tu pembeni, na juu yake uwanja mtupu kama umepigwa randa. Halafu akachukua andazi moja akalipitisha hewani, akalitua juu ya sinia taratibu, akalizuia kwa kidole kabla halijafika ukingoni. Kile kidole, akasema, ndiyo kamba. Bila kamba ndege inakwenda majini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu na nina muda wa kusoma, nikagundua kwamba babu alieleza sawasawa. Kulikuwa na manowari kubwa za kubeba ndege, kama Illustrious na Formidable, zilizokuwa katika kundi la Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Kiingereza za upande huu, alipohamia Kilindini baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942. Hizo zilikuwa fahari ya jeshi lao. Na kulikuwa na ndogo, za kulinda misafara, na hizo zilikuwa meli za mizigo. Nasema meli za mizigo kwa maana halisi, maana mimi meli ya mizigo naijua. Kiwiliwili kilikuwa kile kile ambacho viwanda vya Marekani vilikusudia kibebe pamba na mashine: urefu wa kama mita 150, propela moja, mwendo wa noti 18 hivi, yaani kama kilomita 33 kwa saa. Badala ya kuwekewa winchi na milango ya ngama, ikawekewa hanga, yaani banda la ndege, lifti mbili, na juu sitaha ya kurukia yenye urefu wa kama mita 137 na upana wa 24. Uwanja mmoja wa mpira na robo, unaoyumba.

HMS Shah ilikuwa moja ya hizo. Ilijengwa Tacoma, jimbo la Washington, kwa jina la Jamaica, ikateremshwa majini Aprili 1943 na kukabidhiwa Waingereza Septemba mwaka huo huo. Fikiri kasi hiyo: tangu kulazwa kwa bamba la kwanza mpaka kukabidhiwa ni miezi isiyofika 11. Nimeona ukarabati wa gati moja ukichukua muda mrefu kuliko huo. Kikosi chake cha ndege kilikuwa namba 851, chenye ndege za Avenger, na ililetwa Bahari ya Hindi mwaka 1944.

Avenger ilikuwa ndege nzito, ya watu 3, ikibeba mabomu tumboni na rada. Kuirusha kutoka sitaha fupi namna ile kulihitaji manati, na neno hilo sikulitumia kwa mzaha, ndicho chombo chenyewe: mtambo wa kuisukuma ndege mbele kwa nguvu moja mpaka ipate mwendo wa kuelea hewani. Kutua ndiko kulikuwa kwa hatari zaidi. Rubani anarudi amechoka baada ya saa nyingi juu ya maji matupu, meli chini yake inapanda na kushuka, naye lazima ainase moja ya nyaya za chuma zilizotandazwa kukata sitaha kwa kulabu iliyo mkiani mwa ndege. Akizikosa zote kuna uzio wa nyaya mbele unaomsubiri. Chini ya miguu ya mabaharia kuna matangi ya petroli ya ndege. Manowari ya aina hii iitwayo Dasher ililipuka kwa petroli karibu na pwani ya Scotland mwezi Machi 1943, wakafa watu 379, na hakukuwa na adui hata mmoja karibu.

Kwa nini basi watu wakajitia katika hatari hiyo? Kwa sababu ya namna nyambizi za enzi hizo zilivyofanya kazi. Zilikuwa meli za juu ya maji zilizoweza kujificha chini kwa muda. Zikiwa juu zinatumia dizeli, zina mbio, zinaupita msafara wa meli za abiria na kuutangulia. Zikizama zinatumia betri, zinatambaa, na betri ikiisha lazima ziibuke. Ndege moja tu ikizunguka mbele ya msafara inailazimisha nyambizi kuzama na kubaki nyuma. Si lazima ndege iipige. Kuwapo kwake angani kunatosha kuiharibia kazi. Hiki ndicho ambacho msafara wa babu mdogo haukuwa nacho. Februari ile kundi kubwa la manowari lilikuwa limekwisha kurudi Ceylon, na vyombo vya ulinzi vilivyobaki vilikuwa vichache kuliko misafara.

Wakati huo wote bahari yetu ilijaa. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinapita Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka mpaka Penang, Malaya, zikipewa mafuta njiani na meli zilizofichwa kusini. Moja ya meli hizo za mafuta, Charlotte Schliemann, ilizama kusini huko mbali na Morisi tarehe 12 Februari 1944, siku ile ile ya Khedive Ismail. Ya pili, Brake, ilizama tarehe 12 Machi, mwezi mmoja kamili baadaye. Waingereza walikuwa wamezifungua siri za redio za Wajerumani, wakajua ni wapi nyambizi zitakutana nayo, wakapeleka manowari ndogo ya kubeba ndege, Battler, ndugu wa Shah. Ndege za Battler zikaikuta Brake na nyambizi zake, zikaielekeza destroya Roebuck, ikafika na kufyatua mizinga. Nyambizi zikazama kujificha, moja ikarudi kuokota mabaharia wa Brake. Tangu siku hiyo Wajerumani hawakuwa na kituo cha mafuta baharini upande huu.

Lakini nyambizi bado zilikuja, na moja ilikuja kwetu kabisa. Inaitwa U-198. Ilitoka Ufaransa Aprili 1944. Tarehe 6 Agosti iliizamisha meli ya Kiingereza Empire City katika maji ya kaskazini mwa Msumbiji. Siku iliyofuata, tarehe 7 Agosti, ikaizamisha Empire Day mashariki ya Unguja na Dar es Salaam, kama kilomita 300 tu kutoka pwani. Mmoja wa maofisa wa Empire Day alichukuliwa mateka, akaingizwa ndani ya nyambizi. Naomba mwandishi wenu apime kilomita 300 hizo kwenye ramani kabla ya kutwambia tena kwamba vita vilikuwa mbali.

Hapo ndipo Shah ikaitwa, pamoja na mwenzake Begum na kundi la frigeti, manowari ndogo za kuwinda nyambizi. Hawakuwa wanalinda msafara wowote safari hii, walikuwa wanawinda. Njia yao ilikuwa kutandaza ndege kama mvuvi anavyotandaza jarife, kila moja ikichukua ukanda wake wa bahari, zikirudi na kuondoka mchana kutwa. Tarehe 10 Agosti ndege ya Shah iliiona U-198 ikiwa juu ya maji, ikaishambulia. Nyambizi ilizama na kuponyoka. Lakini sasa walijua ilipo, na walijua itatambaa. Frigeti zikaufuata ukanda ule siku mbili.

Tarehe 12 Agosti wakaipata. Manowari mbili zilifanya kazi ya mwisho: Findhorn ya Kiingereza, na Godavari, ambayo ilikuwa ya jeshi la majini la India, mabaharia wake Wahindi. Silaha waliyotumia Waingereza waliipa jina la kalunguyeye, kwa vile fito zake za chuma zilisimama kama miiba: inarusha mabomu 24 kwa mpigo mbele ya meli, na bomu halilipuki mpaka liguse chuma. Ukisikia mlipuko, umegusa. U-198 ilizama na watu wote 66 waliokuwamo, na yule ofisa mateka wa Empire Day alikufa nao.

Mahali ilipozamia pameandikwa: nyuzi 3 dakika 35 kusini. Mtu wa pwani asome tena. Huo ndio usawa wa Kilifi. Ukisimama daraja la Kilifi asubuhi ukatazama jua linapotoka, ukaenda moja kwa moja mpaka unakaribia Shelisheli, ndipo ilipolala.

Nimekwenda pale darajani mara moja kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa nasafiri kwenda Malindi kwenye arusi, nikamwomba dereva wa matatu anishushe, abiria wakanishangaa. Nilisimama dakika kadhaa nikiwafikiria vijana 66 wa Kijerumani, wengine hawakuwa wametimia miaka 20, nikimfikiria na babu mdogo, upande wa pili wa bahari hiyo hiyo, na nikahisabu miezi: Februari mpaka Agosti. Miezi 6 kamili, 12 kwa 12. Kama Shah au yoyote ya aina yake ingekuwa na msafara ule wa Februari, ndege yake ingekuwa mbele asubuhi ile. Huenda I-27 ingelazimika kukaa chini mpaka meli zipite. Sisemi kwamba ingekuwa hivyo kwa yakini, bahari haina mkataba na mtu. Lakini askari karibu 1,000 wa nchi hizi walipakiwa katika meli kuukuu na kuvushwa njia ambayo wakubwa walijua ina nyambizi, na ulinzi wa angani haukupatikana. Hili ndilo linaloniuma, na ndilo nililotaka kulisoma katika makala yenu.

Habari za Shah hazikuishia hapo. Mei 1945 ilikuwa upande wa pili wa bahari, ikiisaka manowari kubwa ya Kijapani Haguro. Manati yake iliharibika, ikawa haiwezi kurusha Avenger zake, basi zikahamishiwa manowari mwenzake, Emperor, na kutoka huko zikaikuta Haguro tarehe 15 na kuishambulia. Usiku wa kuamkia tarehe 16 destroya 5 zikaizamisha karibu na Penang. Marubani wa Shah walifanya kazi yao kutoka sitaha ya jirani. Nimependa sana kisa hicho, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi bandarini: winchi ya gati lako ikifa, unaazima ya mwenzako, na shehena inatoka.

Vita vilipokwisha ikarudishwa Marekani. Ikauzwa. Watu wa Argentina wakainunua, wakaing'oa sitaha ya ndege, wakajenga vyumba, wakaipa jina la Salta, ikawa inawavusha wahamiaji kutoka Italia kwenda Buenos Aires. Meli iliyoanza na kiwiliwili cha mizigo, ikawa ya vita, ikaishia kubeba akina mama na watoto na masanduku yao.

Na hapa, Mhariri, ndipo nilipoinuka kitini niliposoma mara ya kwanza. Usiku wa tarehe 22 Desemba 1963, siku 10 baada ya bendera yetu kupandishwa Nairobi, meli ya Kigiriki ya matembezi iitwayo Lakonia ilishika moto katika Atlantiki, kaskazini ya Madeira, ikiwa na zaidi ya watu 1,000 waliokuwa wanakwenda kusherehekea Krismasi. Meli ya kwanza kufika, alfajiri na giza, ilikuwa Salta. Iliokota watu 475 kutoka mashuani na majini. Walikufa 128 usiku ule, lakini wale 475 walipandishwa juu ya kiwiliwili kile kile cha Tacoma kilichorusha ndege iliyoiona U-198.

Nimeisimulia habari hii kwa vijana mbalimbali, na kila mara huuliza swali moja: kwa nini hatukufundishwa? Wengi wao wamesoma shuleni habari za Pearl Harbor na hawajui kwamba Shule ya Allidina Visram hapa Mombasa, wanayoipita kila siku, ilitumiwa na wachambuzi wa Kiingereza kufungua siri za redio za Wajapani. Hawajui kwamba kambi ya ndege za wanamaji pale Tanga iliitwa Kilele, ya Nairobi ikaitwa Korongo, na nyingine ya huku kwetu Kipanga, majina ya Kiswahili yaliyoandikwa katika daftari za jeshi la majini la mfalme. Kipanga! Mtu aliyechagua jina hilo alikuwa amemwona ndege huyo akielea juu ya bandari kabla hajashuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda ofisi moja nikiomba kuona orodha ya makuli na mabaharia wa pwani waliofanya kazi wakati wa vita. Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, akaniambia mambo ya vita vile ni ya Wazungu, nijaribu Uingereza. Sikumkasirikia yeye. Alisema alichofundishwa.

Orodha ya askari, hata hivyo, ipo, na haiko Uingereza. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na waliozama na Khedive Ismail wamo. Nilikwenda na dada yangu mwaka 2014, ilipotimia miaka 70. Mtunzaji alituonyesha upande wa kutafuta. Dada ndiye aliyeliona kwanza. Herufi zimechongwa vizuri, ila jina la babu mdogo limeandikwa kama karani wa Kizungu alivyolisikia, herufi moja imezidi na moja imebadilika. Dada alipitisha kidole juu ya ile herufi iliyozidi mara kadhaa, kama mtu anayefuta vumbi. Halafu akanitazama akasema, "Ni yeye." Tukasoma Fatiha pale pale tumesimama.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo matatu. La kwanza, mrekebishe kauli ile ya bahari shwari, kwa herufi kubwa kama mlivyoichapa. La pili, tarehe 12 Februari ijayo muwape wale askari wa mizinga ukurasa wao. Hawakufika Bama, hawakupiga risasi hata moja, na labda ndiyo maana husahaulika kila mnapowataja mashujaa. La tatu nalielekeza kwa wasomaji wenzangu wa Kenya, Uganda na Tanzania, maana vijana wale walitoka nchi zote hizi: kama nyumbani kwenu kuna barua, picha, kipande cha jeshi au hata jina tu la mzee aliyepanda meli Kilindini Februari 1944 asirudi, pigeni picha mlete gazetini. Wajukuu bado tupo. Watoto wa wale askari, waliobakia, wamepita miaka 80.

Sisi tunacho kipande kimoja. Ni karatasi ndogo ya jeshi iliyomjulisha babu kwamba ndugu yake hajulikani alipo, imekunjwa mara nne, imetoboka kwenye mikunjo. Bibi aliiweka ndani ya kile kibweta ambacho babu alikitumia kunionyesha manowari. Nitaileta ofisini kwenu mwenyewe siku yoyote mtakayonipangia, lakini sitaiacha, nitasubiri muipige picha kisha nirudi nayo Mtongwe kwa feri ya jioni.

Wako,
Karani mstaafu wa shehena,
Mtongwe, Mombasa